Fundi Anajibu: Sailensa Mpya na Mngurumo wa Njia ya Likasi

Mvua zimekwisha, njia zimekauka, na watu wamerudi chini ya magari kutazama kutu iliyofanya kazi yake. Ndiyo sababu barua nyingi za safari hii zinahusu bomba la moshi. Nimechukua nne. Ya kwanza itakula nafasi kubwa, wengine mnivumilie, maana nusu ya maswali niliyopokea yanafanana nayo.

SWALI

Papa Fundi, jambo sana. Mimi ni mwalimu, nakaa Kampemba, hapa Lubumbashi, lakini kazi yangu iko Likasi. Naondoka Jumatatu alfajiri, narudi Ijumaa. Gari ni Toyota Runx ya lita 1.5, otomatiki. Sailensa ya nyuma ilioza ikaanguka. Mekano wa hapa kwetu akaniambia nisihangaike na ya mtumba ya kiwandani, afadhali niweke ya spoti, ile ya bomba pana yenye mdomo unaong'aa. Mjini haina neno, hata watoto wanaipenda. Taabu inaanza nikishapita peaje, pale tunapolipia barabara. Nikishika kilomita 90 au 100 unaingia mngurumo mzito ndani, unabana masikio, na nikifika Likasi kichwa kinauma. Ajabu ni kwamba nikikanyaga zaidi unapungua, na nikiachia pia unapungua. Mke wangu amekataa kupanda tena. Mekano sasa anasema ninunue zile karatasi nzito za lami, tubandike gari zima, sakafu na milango. Bei yake inapita ya sailensa yenyewe. Ninunue?
*Baba Mapacha, Kampemba*

JIBU

Usinunue, Baba Mapacha. Hizo pesa ziache mfukoni kwanza.

Kabla ya kuongea habari ya mngurumo, tuongee habari ya kichwa. Kelele ya namna hiyo inaumiza kichwa kweli, lakini moshi unaoingia ndani ya gari unaumiza pia, na ile hewa mbaya iliyomo ndani ya moshi, monoksidi ya kaboni, haina rangi wala harufu. Inaanza na kichwa, kisha kichefuchefu, kisha usingizi. Mtu aliyebadilisha sailensa juzi halafu kichwa kikaanza kumuuma lazima atafute uvujaji siku hiyo hiyo, asingoje Jumatatu.

Fanya hivi asubuhi, injini ikiwa baridi. Washa gari nje, mahali peupe, mwache jirani azibe mdomo wa bomba kwa kitambaa kinene kilichokunjwa, sekunde chache tu, na asiweke uso wake pale nyuma. Wewe inama ubavuni usikilize kila kiungo. Moshi uliokosa njia utatokea penye tundu ukilia ssss. Ukitaka kuona kwa macho, paka maji ya sabuni kwenye viungo, mapovu yatakuonyesha. Kisha tazama mdomo wenyewe: umetokeza nje ya bampa, au umeishia chini ya gari? Mafundi wengi wa sailensa za spoti wanakata mfupi ili ule mng'ao ukae sawasawa na bampa, na moshi unapanda nyuma ya gari na kutafuta njia ya kuingia. Mwisho, toa tairi la akiba na utazame sakafu iliyo chini yake. Kuna vizibo vya raba. Kimoja kikikosekana, unalo dirisha dogo juu ya sailensa kabisa. Tazama pia raba ya mlango wa nyuma kama haijapasuka.

Hapa niwaambie na wale wa njia ya Likasi wanaorudi na magunia ya makala, yaani mkaa, mlango wa nyuma umefungwa kwa kamba ukiwa nusu wazi. Gari likitembea, hewa ya nyuma inavutwa kuingia ndani, na moshi unakuja nayo. Sailensa iwe mpya iwe mzee, mnavuta moshi wenu wenyewe mpaka mjini.

Haya. Tuseme hakuna kinachovuja. Sasa mngurumo.

Barua yako imenisaidia kuliko kama ungeniletea gari, kwa sababu ya sentensi moja: ukiongeza unapungua, ukipunguza unapungua. Kelele ya upepo na ya matairi hupanda pamoja na mwendo, haina mahali inapokaa. Yako inakaa mahali. Safari ijayo usitazame mshale wa kilomita, tazama ule wa mizunguko ya injini, na mwenzako aandike namba mngurumo unapofika kileleni. Tuchukulie ni 2,400 kwa dakika, ambayo kwa gari kama lako katika mwendo huo si mbali na ukweli. Hiyo ni mizunguko 40 kwa sekunde. Injini ya silinda nne inawaka mara mbili katika kila mzunguko. Basi bomba lako linasukuma mapigo 80 kila sekunde.

Sauti ya mapigo 80 ni nzito, na wimbi lake hewani lina urefu wa mita 4 na kidogo. Nusu ya wimbi hilo ni mita 2 na kidogo. Sasa chukua futi ya fundi nguo, pima ndani ya Runx kutoka kioo cha mbele mpaka kioo cha nyuma, utaona namba haziko mbali. Hewa iliyofungiwa humo inaitikia sauti ya kipimo hicho. Ukizidisha mizunguko, sauti inapanda na kuliacha gari. Ukipunguza, inashuka na kuliacha vilevile. Na gari la namna yako halina ukuta kati ya viti vya nyuma na sehemu ya mizigo, kwa hiyo sakafu iliyo juu ya sailensa ni sakafu ya chumba kimoja na wewe.

Mbona ya kiwandani haikufanya hivyo? Ipasue moja iliyooza uone. Ndani kuna vyumba na mabomba mafupi yanayorudishana, na wahandisi walivipima hivyo vyumba ili viue sauti nzito za injini ile. Ya spoti ndani ni bomba moja lililonyooka, limetobolewa matundu madogo pande zote na kuzungushiwa pamba ya kioo. Pamba inameza vizuri sauti nyembamba, zile za kukwaruza. Sauti nzito inapita bila hata kusalimia. Ndiyo maana mjini unasikia mlio mzuri na njiani unasikia maumivu.

Neno moja kwa wanaotumia simu kupima kelele. Programu nyingi zinapima kwa kipimo kinachofuata usikivu wa sikio, nacho kinaondoa zaidi ya desibeli 20 kwenye sauti ya mapigo 80. Simu itakwambia gari lako ni tulivu huku fuvu lako linatikisika. Amini masikio ya mke wako.

Sasa zile karatasi za lami. Kazi yake ni kutuliza bati linalotetemeka, kama mtu anayeweka kiganja juu ya ngozi ya ngoma. Ukigonga paneli ya mlango kwa kifundo cha kidole ikalia "bong", karatasi moja katikati itaifanya iseme "tup", na hapo umemaliza. Huhitaji kufunika bati lote, robo yake yatosha. Lakini mngurumo wako hautoki kwenye bati peke yake. Ni hewa yenyewe ya ndani inayopigwa. Kuzuia sauti nzito kwa kufunika kunataka uzito mkubwa, na Runx utakayoibandika kiasi hicho itapanda kilima kwa kulalamika. Kama una pesa kidogo ya lami, weka vipande chini ya tairi la akiba na juu ya matao ya magurudumu ya nyuma. Utasikia tofauti katika changarawe na matairi. Katika mngurumo, kidogo sana.

Dawa iko chini ya gari. Ingia chini au lipandishe kwenye shimo, utazame mambo mawili ya bure. La kwanza, raba za kuning'inizia bomba. Kama fundi alikosa raba akafunga kwa waya au akachomelea moja kwa moja kwenye mwili wa gari, mtetemo wote unapanda chumani mpaka kwenye kiti chako. La pili, nafasi: kati ya bomba na mwili wa gari kidole kipite kila mahali, hasa pale bomba linapopanda juu ya ekseli ya nyuma. Uzito wa watu wanne unaweza kuyakutanisha yaliyokuwa mbali gari likiwa tupu.

Kisha muulize mekano swali hili bila kumgombeza: ile sailensa ndogo ya katikati iko wapi? Mara nyingi huwa wanaiondoa wanaponyoosha bomba, wakisema inabana injini. Kama iliondolewa, irudishe, na huenda safari yako ikaishia hapo.

Kama haikuondolewa, una njia mbili. Ya kwanza ndiyo ambayo mimi ningeichukua kama ningekuwa mwalimu anayekwenda Likasi kila wiki: tafuta sailensa ya kiwandani ya mtumba, isiyopigwa, isiyolia makopo ukiitikisa, weka, na ile inayong'aa uuze kwa kijana. Sioni aibu yoyote katika gari lisilosikika.

Ya pili ni kwa aliyekwisha kuipenda sauti yake. Inaitwa bomba la pembeni. Unachomelea tawi kwenye bomba kuu kabla ya sailensa ya nyuma, kipenyo kile kile, na mwisho wa tawi unazibwa kabisa kwa kibati. Moshi haupiti humo, ila sauti inaingia, inagonga kibati, inarudi. Ukiipa tawi urefu wa robo ya wimbi, sauti inarudi ikiwa kinyume na ile inayokuja, na zinauana. Hesabu yake: katika moshi wa nyuzi 150 sauti inakimbia mita 410 hivi kwa sekunde. Gawanya kwa 80 upate mita 5 na ushei, robo yake ni kama mita 1.3. Moshi ukiwa wa nyuzi 300, sauti inakimbia karibu mita 480, na robo inakuwa mita 1.5.

Ndiyo maana hatukati mapema. Kuna mtu aliniletea gari lake la aina hiyo hiyo hapa Kamalondo, mngurumo kwenye 2,500. Nilikata bomba la mita moja na nusu, nikalikunja lirudi sambamba na lile kubwa kwa sababu chini hakuna nafasi ya kulinyoosha. Urefu unapimwa katikati ya bomba kufuata kona zake, sio kwa kamba ya juu juu. Kibati cha mwisho nilikishika kwa nukta mbili za kuchomelea tu, nikapaka udongo wa sailensa, ile dawa ya kuzibia matundu ya bomba, tukatoka njia ya Kasumbalesa. Mngurumo ulikuwa umekimbilia juu kidogo, kwenye 2,600, na chini yake kimya. Maana yake tawi ni refu mno. Nikang'oa kibati, nikapunguza upana wa vidole vitatu, tukarudi njiani. Ulipopotea kwenye mwendo anaoupenda mwenye gari, ndipo nikachomelea kibati mzunguko mzima. Gharama ni bomba la mita moja na nusu na mchana wa fundi mwenye subira. Huyo wa subira ndiye mgumu kumpata.

Ujue tu kwamba tawi linaua sauti ya mwendo mmoja na majirani zake. Ukihamia mwendo mwingine kabisa, halikusaidii.

SWALI

Fundi, mimi ni mama, naendesha teksi yangu mwenyewe, Toyota Spacio. Kila asubuhi nikiwasha inalia tik-tik-tik upande wa injini, haraka haraka, nikikanyaga inazidi. Ikishapata moto sauti inapotea yenyewe. Tena siku hizi inakunywa mafuta. Mmoja ananiambia ni valvu, mwingine ananiambia nibadilishe sailensa ya nyuma.
*Mama wa Teksi, Ruashi*

JIBU

Mama, sailensa ya nyuma iache ilale. Sauti inayokuwapo gari likiwa baridi na kupotea likipata moto, halafu inayofuata mguu wako, kwanza mshuku manifoldi ya moshi, yale mabomba yanayokusanya moshi wa silinda, pale inapofungwa kwenye injini. Gasketi imeungua au chuma kimepata ufa. Chuma kikipata moto kinatanuka na kuziba tundu, na ndiyo maana mnadanganyana na mafundi: wewe unawapelekea gari saa nne, limekwisha kupata moto, hawasikii kitu. Lilaze garajini, waliwashe wao asubuhi.

Mwambie atoe bati la kukinga joto atazame kwa taa. Penye tundu kuna masizi meusi yaliyotapakaa kama mshale. Atazame pia nati za pembeni kabisa, huko ndiko bolti hukatika kwanza.

Na mafuta? Tundu likiwa kabla ya sensa ya oksijeni, kati ya pigo na pigo linavuta hewa ya nje. Sensa inaiona oksijeni nyingi, kompyuta ya injini inadhani petroli ni kidogo, inaongeza. Wewe unalipa.

Usikubali kupakwa udongo wa sailensa hapo. Kwenye manifoldi haukai. Gasketi mpya, uso wa chuma upimwe kwa rula kama umenyooka, na bolti zikazwe kutoka katikati kwenda pembeni. Tena usichelewe, kwa sababu hewa ya kabini inaingilia chini ya kioo cha mbele, jirani kabisa na tundu hilo, na wewe unabeba watu kutwa.

SWALI

Papa Fundi, nina Corolla 1.6. Nataka kuondoa katalaiza, lile kopo la kusafisha moshi, na sailensa zote, nipitishe bomba moja la inchi 3 ili injini ipumue na nguvu iongezeke. Kuna fundi atanifanyia bure, anachotaka ni ile katalaiza ya zamani. Niendelee?
*Kijana wa Katuba*

JIBU

Mwanangu, katika mji ambao kila mtoto anajua bei ya shaba na kobalti, wewe unataka kutoa platini, paladi na rodi bure! Hayo ndiyo yaliyopakwa ndani ya ile katalaiza, na fundi wako anajua vizuri kwa nini haombi pesa.

Nguvu hutapata ya kuonekana. Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi, na injini isiyo na tabo, ile pampu ya kusukumia hewa, imekwisha kupoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu yake hapo ilipo. Bomba haliwezi kurudisha hewa ambayo haipo. Tena inchi 3, yaani milimita 76, ni shimo kubwa mno kwa lita 1.6. Moshi unapoa na kuzubaa humo, na mvuto wake unaosaidia kusafisha silinda unapotea kwenye mizunguko ya chini, ile unayoitumia kutoka taa mpaka taa. Kwa injini kama hiyo, milimita 50 zinatosha, 57 ni starehe. Ukiondoa katalaiza, taa ya injini itawaka kwenye dashibodi na harufu itakufuata mpaka kanisani.

Na siku utakapopita na bomba hilo mbele ya turubai la matanga saa tano za usiku, usiniambie ni mimi niliyekushauri.

SWALI

Jambo Fundi. Nataka kutengenezewa bomba zima kutoka katikati mpaka nyuma. Fundi mmoja ananipa bomba la maji, anasema ni nene halili kutu. Mwingine ananiuzia inoksi, chuma kisichoshika kutu, kwa bei kali. Nitajuaje kama ni inoksi kweli?
*Msomaji, Kolwezi*

JIBU

Bomba la maji jeupe limepakwa zinki. Likichomwa linatoa moshi mweupe unaomtia fundi homa na baridi ya usiku mzima, na pale lilipochomelewa zinki imekwisha kuungua, kutu inaanzia hapo hapo. Tena ni zito, litavunja raba zako. Likatae, kwa ajili yake na kwa ajili yako.

Inoksi ipime kwa sumaku. Ile bora, wanayoiita 304, yenye kromu asilimia 18 hivi na nikeli 8, sumaku haiishiki au inaigusa kwa uvivu tu, hasa kwenye kona zilizokunjwa. Ile ya 409 inashikwa na sumaku kama chuma chochote. Sio bandia, magari mengi yanatoka nayo kiwandani, lakini nje inageuka kahawia na haistahili bei ya 304. Basi sumaku ikiganda, bei ishuke.

Muulize pia anachomelea kwa fimbo gani. Inoksi ikichomelewa kwa fimbo ya chuma cha kawaida, kiungo kitaoza huku bomba limebaki zima. Kuunganisha inoksi na bomba la zamani la chuma, fimbo inayofaa ni ya 309. Kabla hajagusa gari, atoe waya hasi wa betri, na tangi la mafuta likingwe kwa bati. Akimaliza, endesha mpaka bomba lipate moto, liache lipoe kabisa, kisha rudini mkakaze klampu zote upya, kwa sababu zilizokazwa baridi mara ya kwanza huweza kulegea.